Kubadili rangi ya vinaili ndani ya gari: kazi kubwa ni kusafisha

Magari mengi tunayotumia hapa Mbeya yamefika yakiwa yameshatumika Japani, na mengi yana rangi ya krimu au kijivu cha kufifia ndani, rangi isiyovumilia tope la masika wala vumbi la kiangazi la barabara za mashambani. Baada ya miaka kadhaa viti vya vinaili na paneli za milango hubaki na madoa ambayo sabuni haiyatoi tena, na mwenye gari huona njia ni mbili tu: kuvalisha kava, au kumpelekea fundi wa kushona viti avue ngozi ya zamani na kushona mpya. Ipo njia ya tatu yenye gharama ndogo zaidi, nayo ni rangi maalumu ya vinaili. Niliitumia kwenye Toyota Hilux yangu ya kubebea viazi na nimeridhika nayo, lakini nimeona wengi wakiikataa kwa sababu waliiona ikibanduka kwenye gari la mtu mwingine. Ikibanduka, karibu kila mara chanzo ni maandalizi.

Vinaili ya viti ni plastiki ya PVC iliyochanganywa na vilainishi ili ikunjike, kisha ikabandikwa juu ya kitambaa. Plastiki hiyo hainywi rangi, na ndiyo sababu rangi za unga za kuchovyea nguo hazifai, wala rangi ya viatu, ambayo itahamia kwenye suruali ya kila atakayekaa. Rangi maalumu ya vinaili, hasa ile ya kupuliza kutoka kwenye kopo, ina viyeyusho vinavyoulegeza kidogo sana uso wa plastiki, na resini, yaani gundi iliyobeba rangi, ikapata mahali pa kushika na kubaki kama utando mwembamba unaonyumbuka. Rangi ya bodi hukauka ikiwa ngumu, kwa hiyo kwenye kiti kinachobonyea kila unapokaa itapasuka tu, hata ikipakwa na fundi hodari. Hakikisha kopo limeandikwa kwamba ni la vinaili, na ununue makopo yote ya kazi yako kwa pamoja, kwa sababu kopo moja halitoshi viti vyote na rangi ya shehena nyingine inaweza kutofautiana kidogo.

Kwa kuwa kila kitu kinategemea kushika, adui mkubwa ni silikoni iliyomo kwenye polishi nyingi za dashibodi, zile ambazo sehemu za kuoshea magari hupaka bila hata kuulizwa. Silikoni hukaa ndani ya mistari midogo ya vinaili, na rangi ikipulizwa juu yake hujitenga na kuacha vijishimo vya duara, au hukaa vizuri siku za mwanzo kisha ikatoka kwa kukwaruzwa na ukucha. Kwa hiyo nilianza kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na mswaki wa meno, nikisugua eneo dogo kwa wakati mmoja na kufuta povu kabla halijakauka. Povu la kwanza hutoka na rangi ya kahawia, na ukingoni mwa kiti, pale mshono unapokutana na utepe wa mviringo wa pembeni, utakuta uchafu mzito ambao lazima uuchokoe kwa kijiti kilichofungwa kitambaa. Kipimo ninachokiamini ni hiki: nyunyiza maji safi kwenye sehemu uliyoosha, yakijikusanya kuwa matone ya duara, polishi bado ipo, na yakitandaa kama utando, umefika. Rudia mpaka yatandae.

Baada ya kukauka, futa kwa spiriti kwa kitambaa cheupe kisichoacha nyuzi, ukigeuza upande safi mara kwa mara. Petroli isitumike kamwe, kwa kuwa huacha mafuta na ni hatari ya moto ndani ya kibini, yaani chumba cha abiria. Tina nayo inaweza kuichubua vinaili na kuifanya ikauke na kupasuka baadaye. Kisha pitisha kwa wepesi sana skochi laini, ile pedi ya kusugulia, ili kuondoa mng'aro, bila kufuta mistari inayoifanya vinaili ionekane kama ngozi, na umalizie kwa spiriti tena. Mpasuko ushonwe au uzibwe kabla ya hapo, kwa sababu rangi haizibi kitu chochote. Huonyesha tu ufa kwa rangi mpya.

Hali ya hewa ya kwetu ina neno katika kazi hii. Mbeya mjini ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali kiasi kwamba rangi hukauka polepole na inaweza kuchuruzika. Masika nayo huleta unyevu unaoifanya ipoteze mng'aro kwa mabaka. Mimi huchagua Septemba au Oktoba, saa nne asubuhi hadi saa saba, jua likiwa limeshapasha vinaili joto na upepo wa mchana haujaanza kurusha vumbi. Wapo wanaopasha kibini joto kwa jiko la mkaa. Nawasihi wasifanye hivyo: mvuke wa rangi hushika moto, na mkaa katika sehemu iliyofungwa hutoa gesi inayoua bila harufu. Milango yote iwe wazi, viti vitolewe nje kama boliti zinakubali, na anayepuliza avae barakoa ya kuzuia mvuke, kwani ya kitambaa haizuii.

Kuna swali la kiti chenye mfuko wa hewa wa usalama. Mahali popote palipoandikwa SRS, iwe kwenye usukani, dashibodi au ubavu wa kiti, usijaze rangi kwenye mshono au mstari unaofunguka, na ukiwa na shaka paache. Kama viti vyenye nyaya za mifuko hiyo vinahitaji kutolewa, kazi hiyo apewe fundi wa umeme wa magari.

Kuhusu rangi yenyewe, kutoka kwenye rangi nyepesi kwenda iliyokolea ni rahisi, na kinyume chake kunahitaji mikono mingi, yaani matabaka ya rangi, ambayo mwisho hujaa unene na kuchubuka. Hata hivyo nyeusi kabisa siipendekezi kwa barabara zetu, kwa sababu vumbi huonekana juu yake mara moja. Nilichagua kijivu cha mkaa na sijajuta. Dashibodi ibaki iliyokolea na isiyong'aa, maana ikiwa nyepesi au ikimeta huakisi kwenye kioo cha mbele na kumchosha dereva, hasa jua linapokuwa chini.

Jaribu kwanza chini ya kiti, mahali pasipoonekana, uache kwa siku moja, kisha bandika tepu ya karatasi na uivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, rudi kwenye kuosha. Ikishika, anza kwenye mishono na pembe, kisha uso mpana, ukishika kopo kama sentimita 25 kutoka kwenye kiti na kulisogeza bila kusimama. Mkono wa kwanza uwe kama ukungu, usiofunika rangi ya zamani kikamilifu, na huu ndio wakati ambapo watu wengi hukosa subira na kumwaga rangi. Subiri dakika 10 hadi 15, kisha pita mkono wa pili na wa tatu kwa mwelekeo unaokatiza wa kwanza. Plastiki ngumu za milango ni habari nyingine, kwani nyingi ni polipropilini, na zinahitaji praima ya plastiki, yaani tabaka la kushikisha, kabla ya rangi.

Kiti kitaonekana kimekauka baada ya muda mfupi, lakini usikikalie kabla siku nzima haijapita, wala usikioshe kabla wiki moja haijaisha. Baada ya hapo kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha, na mwambie kijana wa kuosha gari kwa maneno wazi kwamba polishi ya silikoni isiguse humo. Sehemu ya kiti cha dereva inayosuguliwa wakati wa kupanda na kushuka ndiyo itakayochakaa kwanza, kwa hiyo weka kopo lililobaki mahali pakavu, uligeuze juu chini na kupuliza kidogo kusafisha pua kabla ya kulihifadhi, na sehemu hiyo uirudie mkono mmoja mwembamba itakapohitaji, ukianza tena na sabuni.