Mbona espreso yangu chachu kama ukwaju?

SWALI: Shikamoo mama. Nimenunua mashine ya espreso Kariakoo, boksi limeandikwa bar 15. Natumia kahawa ya pakiti iliyosagwa tayari. Inatoka kwa sekunde nane tu, nyepesi, chachu kama ukwaju, na povu linapotea kabla sijatia sukari. Mume wangu ameshahamia kwa muuza kahawa wa kijiweni. Niirudishe?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiirudishe. Na hizo bar 15 zisikubabaishe: bar ni kipimo cha msukumo, na 15 ni nguvu ya mwisho ya pampu, kahawa yenyewe inataka kama 9.

Kahawa yako ni ya chenga, ndiyo maana maji yanapita mbio. Yakipita mbio hubeba uchachu, utamu ukabaki kwenye makapi. Hebu chomoa kichujio cha bati kwenye mpini, ukitazame dirishani. Kikiwa na vitundu chini kote, kinadai kahawa laini sana, karibu na unga, ila ukiifikicha bado unaisikia vidoleni. Kikiwa na kitundu kimoja tu kwa nje, hicho ndicho cha kahawa ya pakiti, kitundu kinaibana. Mashine nyingi za nyumbani huja na vyote viwili, na nahisi umeweka cha kwanza. Leo weka cha pili. Povu lake ni la kulazimisha, lakini mzee atarudi nyumbani.

Ukitaka espreso hasa, pesa yako iende kwenye kisagio. Si blenda! Blenda hukatakata, nusu chenga nusu vumbi, ukapata uchachu na uchungu kikombe kimoja. Mimi nilianza na blenda ileile ya viungo. Shemeji alipiga funda moja akauliza pilau liko wapi. Tafuta kisagio cha meno, hata cha kuzungusha kwa mkono.

Halafu mizani ndogo. Washa mashine dakika 15 kabla, mpini ukiwa mahali pake upate moto. Pima gramu 18, au kiasi kichujio chako kinachobeba, shindilia bila kuegemea upande mmoja, bonyeza, hesabu. Kwa gramu 18 unataka gramu 36 kikombeni kwa sekunde 25 hadi 30. Zikija kwa sekunde 12, saga laini zaidi. Zikivuta hadi 45, kahawa inadondoka tone tone na ni chungu, saga kwa chenga zaidi kidogo. Gusa usagaji tu, vingine viache, la sivyo hutajua kilichokuponya.

Kwenye pakiti tafuta tarehe ya kukaangwa; mimi napenda ya wiki mbili hivi. Arabika ya Kilimanjaro iliyokaangwa kidogo ina uchachu wake wa asili, kwa hiyo omba iliyoiva zaidi, au changanya na robusta kidogo ya Kagera. Hapo povu litasimama.

SWALI: Mimi sina mashine, nina birika la moka. Naruhusiwa kuita espreso?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, baba. Birika hilo, ambalo Bialetti wa Italia alilianzisha 1933, husukuma maji kwa mvuke, bar 1 hadi 2 basi. Ila kahawa yake naipenda. Tia maji yaliyokwisha kuchemka kwenye sehemu yake ya chini, kahawa usiishindilie, moto uwe mdogo, na likianza kukoroma liepue hapohapo.