Kabla hujanunua pampu ya sola pima kwanza: nilivyopunguza petroli kwa zaidi ya nusu kwenye nyanya

Mkuu umeuliza kwamba una ekari mbili za nyanya na banda la vifaranga, petroli na umeme vinakula hela mpaka faida huioni, na kuna muuzaji amekuambia dawa yake ni pampu ya sola yenye paneli za kilowati 2. Nakujibu kwa niliyopitia mwenyewe maana na mimi niliambiwa hivyohivyo, nikakaribia kuuza ng'ombe ninunue. Namshukuru Mungu nilipima kwanza.

Mimi nalima ekari moja na nusu kandokando ya Ruaha Mdogo, upande wa Kalenga, Iringa. Vinyungu, yaani bustani za bondeni, viko chini lakini nyanya zangu ziko juu kwenye mteremko, kwa hiyo kuanzia Mei mpaka mvua za Novemba ni kuvuta maji tu. Nilikuwa na pampu ya petroli ya inchi mbili, kibandiko chake kinasema lita 600 kwa dakika. Kila tukimwagilia, yaani siku moja tunamwagilia moja tunapumzika, ilikuwa inaunguruma masaa matano na inakunywa kama lita sita. Nilijua ni nyingi ila sikujua zinaenda wapi.

Kupima hakuna ufundi mkubwa. Nilichukua pipa la lita 200 nikaliweka juu kabisa pale maji yanapotokea shambani, nikaweka mpira ndani, kijana akashika simu kuhesabu sekunde. Likajaa kwa sekunde 85, hiyo ni lita 141 tu kwa dakika, wakati kibandiko kinasema 600! Ile 600 ni ya pampu ikiwa haipandishi maji popote, kila mita unayopanda inapungua. Afu nikajaza tenki la petroli mpaka mdomoni, nikawasha saa nzima, nikazima na kujaza tena kwa chupa yenye vipimo, ikaingia lita 1 na nukta 2. Kwa hiyo lita moja ya petroli ilikuwa inanipa maji kama lita elfu 7. Urefu wa kupanda nilipima kwa ule mpira wa maji wa mafundi ujenzi wanaopimia leveli, hatua kwa hatua kutoka usawa wa mto mpaka shambani, mita 14. Usitumie namba ya urefu ya simu kwa kazi hii, inadanganya sana.

Sasa piga hesabu hii maana ndo iliyonifumbua macho. Kupandisha maji lita elfu moja kwa mita moja kunahitaji nguvu ya wati-saa 2.7 hivi. Lita elfu 7 mara mita 14 inakuja kama wati-saa 265. Lita moja ya petroli ina nguvu ya karibu wati-saa 9,000. Yaani katika kila shilingi mia ninayomimina kwenye tenki ni shilingi tatu tu zinapanda na maji! Injini ndogo ya petroli kwa asili yake inapoteza nyingi kwenye joto, hilo huwezi kulirekebisha, lakini tatu kwa mia ni kidogo mno na sehemu kubwa ya upotevu ilikuwa mikononi mwangu.

Wa kwanza ulikuwa kwenye kunyonya. Pampu niliiweka juu ya ukingo kuogopa mto, mita sita hivi juu ya maji. Vitabuni pampu inaweza kunyonya mita 10 ukiwa usawa wa bahari, kiuhalisia ni 7 au 8, na ukipanda milimani kama huku kwetu juu ya mita 1,400 unapoteza nyingine kama moja na nusu. Kwa hiyo mashine yangu ilikuwa inavuta kwa tabu kila siku. Na maji yalikuwa yanatoka na vibubujiko vya hewa, mimi nikadhani ni kawaida. Siku moja nikapaka povu zito la sabuni kwenye mpira wa kunyonya mashine ikiwa inawaka, nikawa natazama. Karibu na klipu ya kwanza povu likazama ndani lote kama linanyonywa na mrija. Kulikuwa na ufa mdogo hata kucha haipiti. Nikakata kipande kile, nikafunga klipu mbili badala ya moja, nikatoa matope yaliyoziba ile valvu ya chini inayokaa majini mwisho wa mpira, na pampu nikaishusha kwenye kijukwaa mita mbili tu juu ya maji. Masika tunaipandisha juu, ukisahau mto unaondoka nayo.

Wa pili ndo mkubwa kuliko wote, bomba. Nilikuwa na mita 80 za bomba la inchi moja na nusu kwa sababu lilikuwa bei rahisi. Bomba jembamba linabana maji, na kwa mwendo ule msuguano wa ndani peke yake ulikuwa sawa na kuongeza mita 10 za kupanda, yaani mlima wangu wa mita 14 nilikuwa naulipia kama wa 24. Ukienda inchi mbili kwa maji yaleyale msuguano unabaki kama robo tu. Nilikopa kwenye kikundi nikanunua la inchi mbili, lote mpaka juu, na elbo kali nikazitoa nikapindisha bomba taratibu. Nikarudi na pipa langu: sekunde 50! Petroli ilipanda kidogo tu, lita 1.3 kwa saa, lakini sasa lita moja inanipa maji zaidi ya lita elfu 11. Injini ileile, sikununua mashine mpya. Kwa hesabu ya daftari langu bomba lilikuwa limerudisha hela yake kabla msimu haujaisha.

Cha tatu ni maji yenyewe, maana maji usiyoyahitaji hayahitaji petroli. Tulikuwa tunamwagilia saa sita mchana jua likiwaka, mifereji inavujia njiani. Tukahamia alfajiri na jioni, tukatandaza majani makavu kwenye mashina na kuziba mifereji. Nilikuwa navuta kama lita elfu 42 kwa kila mara, sasa elfu 30 zinatosha na udongo ukichimba kwa kidole bado una unyevu siku ya pili. Ukijumlisha yote, kutoka lita sita za petroli tumeshuka chini ya tatu.

Ndo maana nakuambia sola iwe ya mwisho. Mimi muuzaji wangu alikadiria paneli kwa kuangalia hospawa za injini yangu, hakuuliza urefu wala bomba. Kwa shamba lilivyokuwa ningehitaji karibu kilowati moja na nusu, baada ya marekebisho hesabu ikaja kama wati 700, nikaongeza kidogo kwa ajili ya vumbi na mawingu nikafunga paneli tatu za wati 300. Na sola inavuta polepole kutwa nzima kwa hiyo kwenye bomba pana msuguano unakuwa kama haupo. Ile ya petroli nimeibakiza kwa siku za mawingu.

Vifaranga sasa. Iringa mwezi wa sita na wa saba baridi mnaijua. Kwa vifaranga 300 nilikuwa nawasha balbu nne za joto za wati 250 usiku na mchana, hiyo ni uniti 24 kwa siku, na kwa sisi tusio kwenye tarifu ya watumiaji wadogo ambao elfu kumi inatupa uniti 28 hivi, ni kama shilingi 8,500 kila siku ya Mungu. Nikawasha dawa ya mbu ya kuzungusha nikapita nayo pembeni ya ukuta usawa wa vifaranga, moshi unapolala ghafla ujue upepo unaingia hapo. Nikaziba chini kwa maboksi na mabanzi, juu nikaacha wazi hewa itoke (usizibe juu, amonia, ile hewa kali ya kinyesi, itawaua), na nusu ya bruda, yaani pale wanapolelewa vifaranga, nikaifunika kwa plaiwudi joto lisikimbie. Sasa usiku balbu tatu, mchana moja, uniti 12. Mwongozo ni vifaranga wenyewe: wakijikusanya chini ya balbu wana baridi, wakikimbilia pembeni wanahema kwa mdomo limezidi, wakisambaa wanakula uko sawa. Jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa nakuomba sana usithubutu, ile hewa yake haina harufu na inaua kuku na mtu.

Kama unataka kujua kifaa gani kinakula umeme, zima vyote uwashe hicho kimoja, angalia kitaa chekundu cha mita ya LUKU. Kama imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani kinamweka mara 1000 kwa uniti moja, hesabu sekunde kutoka mweko mmoja mpaka mwingine, gawanya 3,600 kwa hizo sekunde, unapata wati. Friji yangu ya chanjo niliigundua hivyo, mpira wa mlango ulikuwa umekufa.

Mkuu kesho ukienda shamba beba pipa na chupa yenye vipimo, pima sekunde za kujaa, petroli ya saa moja, mita za kupanda, urefu na upana wa bomba. Weka namba hizo tano hapahapa na muuzaji mwambie asubiri kwanza, jioni nitakaa nikupigie hesabu ya paneli.