Kabla hujalipa ada ya AutoCAD, muulize mwalimu cheti chake

Ofisi yetu ya michoro hapa Dar tunapokea vijana wa fildi na wengi wanakuja tayari na cheti cha AutoCAD, programu ya kuchorea ramani za majengo kwenye kompyuta, kutoka vituo vya mtaani, ukiangalia karatasi walizoprinti unaona kazi safi, ramani inapendeza kabisa. Shida inaanza ukifungua faili. Kuta, milango, nguzo, samani, vyote viko leya 0, yaani tabaka moja la mchoro badala ya kila aina ya kitu kuwa na tabaka lake, na kibaya zaidi vipimo vimeandikwa kwa mkono, yaani chumba kimechorwa milimita 3450 halafu mtu kaandika 3600 juu yake ili hesabu ya ramani ikubali.

Kwenye karatasi hakuna atakayegundua. Ila mkadiriaji majenzi anapima matofali kwenye faili, na sveya anayeenda kuseti saiti anachukua pointi kwenye faili hilohilo, sasa milimita 150 zimepotea hapo, ni unene wa ukuta wa tofali la nchi 6, na hasara inamwangukia mwenye nyumba ambaye hata hajui AutoCAD ni nini. Hili linaniuma kweli.

Ukimuuliza kijana anakwambia ndivyo nilivyofundishwa, na namwamini. Mwalimu wake mara nyingi ni mchoraji mzuri tu, ana spidi, kajifunza kwa kuangalia wenzake kazini, lakini hakuna mtu aliyewahi kukaa akamkagua anavyofanya kazi wala anavyofundisha, kwa hiyo kila njia ya mkato aliyozoea anaipitisha kwa darasa zima.

Autodesk, ambao wametoa AutoCAD tangu 1982, wana cheti cha mwalimu kabisa, Autodesk Certified Instructor, tofauti na kile cha mtumiaji. Hicho ndicho cha kuulizia. Na usichanganye na usajili wa chuo, maana chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, vizuri kabisa na hilo ni jambo zuri, ila usajili huo ni wa chuo, haukuambii chochote kuhusu anayesimama mbele yako kufundisha programu. Vyeti vya Autodesk siku hizi vinakuja na beji ya mtandaoni kwenye Credly, tovuti ya kuhakiki vyeti, mwombe linki, uone jina na tarehe. Aliyenayo hawezi kukasirika.

Kuna kituo hakina mwalimu wa hivyo na ndicho pekee kilicho karibu na wewe? Basi mpime mwenyewe. Mwambie akuonyeshe anavyotoa ramani ya 1:100 kwenye karatasi ya A1. Anayejua atachora nyumba ya mita 12 kama milimita 12000, kipimo chake halisi, halafu skeli ataiweka kwenye dirisha la leiauti, yaani ule ukurasa wa kuprintia. Akianza kuupunguza mchoro wenyewe ili uenee kwenye karatasi, tafuta kwingine. Uliza pia kama huwa anafungua faili za wanafunzi au anasahihisha karatasi tu, mimi hili nalipa uzito kuliko hata ukubwa wa darasa. Na waulize leseni, Autodesk wanatoa leseni ya bure ya mwaka mmoja kwa wanafunzi na walimu wa taasisi zinazokubalika, inahuishwa ukiwa bado unasoma, kwa hiyo chuo kinachofundishia programu iliyokrakiwa nakitilia shaka tangu mlangoni.

Kama ulishamaliza kozi zamani, fungua faili lako leo, bonyeza kipimo kimojakimoja, nenda Properties, shuka mpaka Text override. Ukikuta namba pale ifute, kipimo halisi kitatokea, na kama hakiendani na ulichotaka basi sogeza ukuta. Ukimaliza hamishia milango na samani kwenye leya zake kabla hujamtumia mtu yeyote hilo faili.