Kijerumani cha pwani na mtihani wa A1

Ukikaa Nungwi au Paje, hapa Zanzibar, utawasikia vijana wetu wakizungumza Kijerumani na wageni bila kusita. Wamekipata kwa sikio, kazini. Ndiyo maana kijana akioa Mjerumani, akaambiwa kuna mtihani wa A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa ya lugha, huona ni jambo la kupita tu. Nimewafundisha kadhaa, na neno langu la kwanza kwao ni hili: Kijerumani cha pwani hakitoshi.

Tangu 2007 Ujerumani humtaka mume au mke anayemfuata mwenzake aonyeshe, kwa kawaida, kiwango cha A1 kabla ya kupewa viza. Wapo wanaosamehewa kisheria, kwa hiyo uliza ubalozini kabla hujalipa ada ya kozi.

Mtihani wa Goethe, taasisi ya Kijerumani ya lugha na utamaduni, una alama 100, na kufaulu ni 60. Kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila kimoja kina 25. Sasa piga hesabu: hata wakikupa 25 zote za kuzungumza, bado unadaiwa 35, na hizo haziji kwa uchangamfu. Utajaza fomu. Utaandika ujumbe wa maneno kama 30. Utasikiliza matangazo, mengine mara moja tu.

Hata kwenye kuzungumza kuna mtego. Nilikuwa na mwanafunzi mpiga mbizi, hodari wa kuwaeleza wageni samaki wote wa mwambani. Nikamwambia anitajie jina la babake herufi moja moja kwa Kijerumani. Akanyamaza. Tukahamia namba ya simu, akazipindua, maana sisi husema ishirini na moja, wao husema moja na ishirini. Na mtihani huuliza hayo hayo: herufi na namba. Basi kila jioni soma kwa sauti namba za gari zinazopita njiani, utaje na majina ya jamaa zako herufi kwa herufi, mpaka ulimi uzoee.

Jamaa nao nawaomba kitu. Kijana akifeli, msimuulize kama kweli anampenda mkewe. Nimeona ndoa ikitiwa maneno mtaani kwa sababu ya karatasi ya kusikiliza, na hilo linaniuma, kwa kuwa mtihani huo haupimi mapenzi wala akili ya mtu. Kurudia kunaruhusiwa. Msaidieni nauli ya boti ya kwenda kwenye mtihani Dar es Salaam, na mumpe chumba kimya cha kusomea baada ya isha.