Mhasibu naye hutunga

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu Atieno,

Umeniuliza kama kuna mshairi wa maana aliyewahi kuishi kama wewe: kudamka Nakuru gizani, kushinda na leja, kurudi na matatu ya jioni. Unahofia ushairi ni wa maprofesa na wazaliwa wa Pwani tu.

Anza na Mjaluo mwenzako. Jared Angira alisomea biashara Chuo Kikuu cha Nairobi, akatoa diwani yake ya kwanza mwaka 1970, na baadaye akaajiriwa na mamlaka ya bandari. Okot p'Bitek, aliyewahi kufanya kazi papa hapa Kisumu, alifika Uingereza mwaka 1956 akiwa na timu ya taifa ya mpira ya Uganda, akabaki huko kusoma. Marjorie Oludhe Macgoye naye alizaliwa Southampton, akaja Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu vya misheni, akaolewa Ujaluoni na kuandika kama mtu wa huku. Warsan Shire alizaliwa Kenya kwa wazazi Wasomali na kukulia London.

Lakini wanaokufaa zaidi ni wale ambao mikono yao ilikuwa na shughuli nyingine. Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu ni imamu, na alikuwa mwoka mikate. Tungo zake zilisambaa kwa kaseti. Haji Gora Haji wa kisiwa cha Tumbatu, Zanzibar, alikuwa mvuvi na baharia. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972, akatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani na kuyaandika kwenye karatasi za chooni.

Arudhi, yaani kanuni za ushairi wa jadi, ambayo vijana wengi huiita pingu, humfaa sana mtu asiye na meza. Mshororo, yaani mstari, wa tarbia (shairi la mishororo minne kwa ubeti) una mizani, yaani silabi, 16: nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Nane ni pumzi moja; unaishika kichwani huku mikono inafanya kazi:

Unga naukandakanda, jiko linanisubiri

Hesabu: u-nga-na-u-ka-nda-ka-nda, nane, ji-ko-li-na-ni-su-bi-ri, nane. Kina, yaani sauti ya mwisho inayorudiwa, cha kati ni -nda, cha mwisho ni -ri. Sasa mishororo mingine ya ubeti inafuata vina hivyohivyo, kwa hiyo ukisahau neno, kina hukurudisha. (Mstari huru hauna kamba hiyo. Usipoandikwa upesi, huponyoka.)

Wewe mhasibu utakosea hesabu hapa hapa: kwenye M. "Mtu" ni mizani mbili, m-tu, ingawa macho yanaona silabi moja. "Mtu mwema ni hazina" tayari ni nane. Asiyeihesabu M hupata saba, huongeza kiungo na kusema "Mtu mwema ndiye hazina". Hizo ni tisa, na mwimbaji atajikwaa. "Nyumba", kwa upande mwingine, ni mbili tu, nyu-mba, kwa sababu m ile imeshikamana na b. Piga kofi kwa kila mizani, usiamini jicho.

Kosa la pili ni la kina rahisi. Ukichagua -ia, utajaza ubeti vitenzi vya kutendea visivyohitajika: "napendia", "naandikia", "nalilia", na maana itapinda ili kufuata mwisho. Kabla ya kuanza, andika maneno manane yenye kina chako. Yasipopatikana walau manne ambayo ni majina, badilisha kina. Dakika tano za kituo cha matatu zinatosha kwa hilo.

Tena usianze na mapenzi wala nchi. Anza na leja: pesa zinazokataa kulingana, mhuri uliokauka, karani anayekunywa chai ya saa nne akiwa amesimama. Lamu ina mkate, Tumbatu ina ngalawa; hivyo ndivyo vyako.

Nitumie ubeti wa kwanza kwa sauti, si kwa maandishi, nikusikilize M zako.

Mamako