Muulize Fundi: breki za magari ya Mwingereza ya zamani

Mwezi huu barua nyingi ni za Morris, Land Rover, MGB na Mini, na karibu zote zinauliza kitu kilekile, nibadilishe breki au niache kama zilivyotoka kiwandani. Tuanze na Tanga.

Shikamoo fundi. Nina Morris Minor 1000 ya marehemu babu, injini ya cc 1098, breki dramu mbele na nyuma. Mjini haina shida, ila nikishuka Lushoto kuja Mombo, kwenye kona za chini pedeli inazama mpaka karibu na sakafu, nikipampu mara mbili tatu inarudi. Fundi wa hapa anasema anifungie diski za Corolla mbele mambo yaishe. Nikubali?
Mwenye Morris, Tanga

Marahaba. Usikubali, angalau sio sasa. Hapo unaposema pedeli inazama alafu ukipampu inarudi ushanipa nusu ya jibu. Breki zikikuangusha mteremkoni zinakuja kwa tabia tofauti na kila tabia ina ugonjwa wake. Pedeli ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari haisimami na harufu ya kuungua unaisikia, hapo laining, lile tabaka la kusugua lililo juu ya shuu, zimepata moto zimeacha kushika. Pedeli ikiwa laini, inabonyea bonyea, mafuta ya breki yamechemka yametoa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unajikunja tu, nguvu haifiki kwenye gurudumu. Pedeli ikiwa ndefu ila ukipampu inapanda na kuwa imara, shuu, vile vipande vinavyosukumwa kugusa ukuta wa ndani wa dramu, ziko mbali na dramu, na dramu ikipata moto inatanuka inazidi kukimbia shuu. Yako ni hii ya tatu, pengine na ya pili kidogo, na zote mbili dawa yake haifiki hata robo ya bei ya hizo diski.

Piga jeki, toa wilikapu, zungusha gurudumu mpaka tundu lililopo lije usawa na skrubu ya kurekebishia shuu, ingiza bisibisi bapa. Sasa hapa ndo pa kuwa makini, mbele kila gurudumu lina skrubu mbili kwasababu kila shuu ina silinda yake ya kuisukuma, nyuma ni moja moja, na magereji mengi wanakaza moja ya mbele wanashusha gari wanadai hela, ya pili hawajui hata kama ipo. Kaza mpaka gurudumu ligome, rudisha klik moja, kanyaga breki shuu zikae katikati, alafu zungusha tena kwa mkono usikie kama kuna sehemu inakwaruza.

Kisha mafuta. DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mpya inachemka kwenye nyuzi 230, lakini mafuta haya yanakunywa unyevu wa hewa, yakishakunywa kiasi chake yanachemka kwenye 155 tu, na Tanga unyevu sio wa kutafuta. Badilisha yote kila miaka miwili, sio kuongezea. Na kwenye Minor masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, iko chini ya sakafu upande wa dereva, kifuniko chake mpaka ufunue zulia, ndo maana kuna watu wana hizi gari miaka na miaka hawajawahi kuangalia mafuta ya breki. Ukiwa hapo badilisha na zile hozi za mpira, ya zamani inavimba kwa ndani, mafuta yanakwenda hayarudi, gurudumu moja linabaki limekamatwa.

Pima na dramu za mbele. Injini ya 1098 ilikuja 1962 na dramu za mbele za inchi 8, kabla ya hapo zilikuwa 7. Gari imepita mikono mingi, ukikuta inchi 7 ujue mtu alishabadilishana.

Ukimaliza yote hayo na bado unataka diski, sawa, zinafaa kweli, na Uingereza kuna seti zimetengenezwa kwa ajili ya Minor, unafunga kwa bolti. Hizo za Corolla lazima mtu achonge habu (kitovu cha gurudumu) kwa mashine na achomelee mahali pa kufungia kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, na mimi kitu cha kuchomelea kwenye usukani na breki sikipandi. Pia muulize huyo fundi atafanya nini na ile valvu ndogo iliyopo mwisho wa masta silinda. Kazi yake ni kubakiza presha kidogo kwenye paipu kwa ajili ya dramu. Ukifunga diski ukaiacha, pedi zitakuwa zinasugua muda wote na utafika Mombo magurudumu yanatoa moshi. Akikuuliza valvu gani, chukua gari yako uondoke.

Na Lushoto shuka na gea ileile uliyopandia.

Sasa fundi, niko Nanyuki na Land Rover Series IIA, ile fupi ya 88. Nikifunga breki inavuta kushoto, na naskia ile ndefu ya 109 iko na breki poa. Naeza toa za 109 niweke kwa yangu?
Mkulima, Nanyuki

Poa sana. Unaweza, na kwa hii gari ndo modifikesheni ninayoipenda kuliko zote kwasababu ni spea za Land Rover kwenye Land Rover. 88 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ilikuja na dramu za inchi 10, mbele kila gurudumu silinda moja. 109 ina inchi 11 na mbele silinda mbili kwa kila gurudumu, kwahiyo shuu zote mbili zinajivuta zenyewe kwenye dramu gari ikienda mbele. Chukua beki pleti (sahani ya nyuma ya dramu inayobeba shuu), shuu, silinda na dramu za mbele, zinaingia kwenye matundu yaleyale. Nyuma acha za inchi 10. Masta silinda itafute inayolingana na silinda hizo kubwa, ukibaki na ndogo pedeli itakuwa ndefu na utanilaumu mimi.

Lakini kuvuta kushoto kwanza fungua dramu ya KULIA, mara nyingi upande usioshika ndo mgonjwa. Sili ya habu imechoka, oili imelowanisha shuu. Usizioshe na petroli ukarudisha, zikishalowa oili ni za kutupa. Na vumbi la mle ndani msilipulize kwa kompresa kama ninavyoona kila gereji, laining za zamani zina asbesto, lowanisha kwa maji ufute.

Assalam alaykum kaka. Mimi Mzanzibari nipo Leicester, nimenunua MGB ya 1966. Watu hapa wananambia funga kalipa za pistoni nne na diski kubwa. Bajeti si kubwa, nianze na nini?
Mzanzibari, Leicester

Waalaykum salaam. Anza na tairi. Soma tarakimu nne za mwisho pembeni, wiki na mwaka iliyotengenezwa, gari za kuchezea wikendi tairi zinazeeka zikiwa bado na meno na hakuna kalipa itakayokusaidia juu ya mpira mgumu. MGB tangu 1962 ina diski mbele, inchi 10 na robo tatu, na kwa barabarani zinatosha kabisa zikiwa na pedi nzuri, hozi mpya na pistoni zisizo na kutu. Pistoni nne ni za mtu wa kwenda kwenye mashindano. Busta, inayoongezea mguu nguvu kwenye breki, ukitaka funga, mguu utapumzika, ila usidhani gari itasimama karibu zaidi.

Hela iliyobaki weka kwenye umeme. Yako ya 1966 ina dainamo, chanya ya betri ndo imeenda bodi, fyuzi mbili tu gari nzima na betri mbili za volti 6 nyuma ya viti. Geuza hasi iende bodi, funga alteneta, igneshen ya elektroniki badala ya pointi, na rele za taa kubwa maana umeme wote wa taa unapita kwenye swichi ya dashibodi. Hivi havionekani kwa nje ila ndo vinakufikisha nyumbani usiku na mvua.

Waambie watu wa bima kila ulichobadilisha. MOT, ukaguzi wa gari wa kila mwaka huko Uingereza, gari iliyozidi miaka 40 inasamehewa kama haijabadilishwa kwa kiasi kikubwa, na kuboresha breki kwa usalama hakukutoi humo.

Fundi, Mini yangu ya zamani rimu inchi 10, naishi Mombasa. Nitie silikoni kwa breki? Na diski je?
Msomaji, Nyali

Silikoni ni DOT 5, hainywi unyevu na haili rangi, pwani inavutia kweli. Ila usiichanganye na ya kawaida hata tone, toa yote, badilisha sili zote, na kubali pedeli laini kidogo. Soma kopo vizuri, DOT 5.1 sio silikoni.

Diski za inchi 7.5 za Mini Cooper S zinaingia ndani ya rimu ya 10, zile za 8.4 zinataka rimu ya 12. Kabla ya hapo fungua dramu ya mbele uhesabu silinda. Ukikuta moja, hiyo ni ya kabla ya 1964, tafuta za silinda mbili ufunge hizo kwanza.