Wasomaji Wanauliza: Mbwa Anayesubiri Kupasuliwa Goti

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninaishi Goba na nina mbwa dume wa miaka 6, mchanganyiko wa Rottweiler, mwenye kilo 46, ambaye ndiye mlinzi wetu wa usiku. Miezi miwili iliyopita aliruka mtaro akimfukuza paka, akarudi ameinua mguu wa nyuma wa kulia. Kijana mmoja anayepita majumbani kutibu mifugo alimchoma sindano, akachangamka siku tatu, kisha akaanza tena kuchechemea. Sasa daktari wa kliniki amempiga eksirei na kusema kano ya goti imekatika na lazima apasuliwe. Ninashangaa, kwa sababu mtaro wenyewe ni mdogo na ameuruka tangu akiwa mtoto. Je, upasuaji ni lazima kweli? Nimwandae vipi, na nimtunze vipi baadaye, wakati nyumba nzima inamtegemea yeye usiku?

JIBU: Marahaba. Nianze na huo mtaro, kwa sababu wenye mbwa wengi huulaumu mtaro, ngazi au paka, na lawama hiyo huwafanya waamini kwamba mbwa amepata ajali tu na akipumzika atapona. Ndani ya goti la mbwa zimo kano mbili zinazopishana kama herufi X, na ile ya mbele ndiyo inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele kila mguu unapokanyaga. Binadamu akisimama hunyoosha goti. Mbwa husimama goti likiwa limekunjwa, na sehemu ya juu ya muundi wake, pale mfupa wa paja unapokalia, ina mteremko wa takriban nyuzi 25, kwa hiyo kano hiyo hubeba mzigo hata mbwa anapokuwa amesimama tu getini. Kwa mbwa wengi huchakaa unyuzi mmoja mmoja kwa miezi au miaka, kama kamba ya ngalawa inayosuguliwa mahali pamoja, na siku ya mtaro huwa ni siku ya kumalizikia tu. Ndiyo maana karibu nusu ya mbwa waliokatika kano ya goti moja hukatika na ya goti la pili baadaye. Nakueleza mapema ili ikitokea usije ukadhani umerogwa.

Kwa mbwa wa kilo 46 nisingekushauri uukwepe upasuaji. Kano iliyokatika haijiungi tena, na goti lisilotulia husaga gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo zinazokaa kati ya mifupa. Zikichanika, maumivu huwa makali na yabisi ya kiungo huharakisha. Kabla ya kukubali, muulize daktari kama alilishika goti na kuusogeza muundi kwa mkono, kwa kuwa eksirei haionyeshi kano yenyewe bali maji yaliyojaa gotini na vinundu vya mfupa vinavyoanza kuota. Kipimo cha mkono ndicho kinachothibitisha, na mbwa mwenye misuli mizito kama wako huenda akahitaji dawa ya kumtuliza ili kifanyike vizuri.

Zipo njia kadhaa za kulitengeneza goti. Ya zamani na nafuu zaidi ni kupitisha uzi mzito wa nailoni nje ya goti ili ufanye kazi ya kano mpaka mwili ujenge kovu gumu kulizunguka. Njia nyingine hubadilisha mfupa wenyewe, na inayofahamika zaidi ni TPLO, aliyoibuni daktari wa wanyama wa Marekani, Barclay Slocum, na kuichapisha mwaka 1993: sehemu ya juu ya muundi hukatwa kwa msumeno wa duara, ikazungushwa mpaka mteremko ubaki karibu nyuzi 5, kisha ikafungwa kwa bamba la chuma na skrubu. Kwa mbwa mzito ninapendelea njia ya kukata mfupa, ila napendelea zaidi mkono uliozoea. Daktari aliyeweka uzi wa nailoni mara nyingi, na kwa mafanikio, ni bora kuliko anayetaka kujifunza kukata mfupa kwenye mguu wa mbwa wako. Muulize bila haya amefanya mara ngapi, nani atakayesimamia nusukaputi wakati yeye anakata, na kama bei aliyokutajia inajumlisha vipimo vya damu, dawa za kwenda nazo nyumbani na eksirei ya wiki ya 8, kwa sababu hiyo ya mwisho ndiyo watu huiacha fedha zikiisha. Hakikisha pia amesajiliwa na Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Ukitaka maoni ya pili, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro kina hospitali ya wanyama inayofundisha madaktari.

Tuje kwenye maandalizi, na hapa nitakaa kidogo, maana Dar es Salaam ina adui wake mwenyewe ambaye vitabu vya nchi za baridi humpitia kwa haraka: kupe. Mbwa anayelala nje katika jiji hili anaweza kubeba vijidudu vya kupe mwilini kwa miezi bila kuonekana mgonjwa. Erlikia hupunguza zile chembe ndogo zinazogandisha damu, na babesia huharibu chembe nyekundu. Mbwa wa namna hiyo akiwekwa mezani, anaweza kuvuja damu isiyokoma au kuishiwa nguvu chini ya nusukaputi, ilhali goti lenyewe lingeweza kusubiri wiki chache atibiwe kwanza. Isitoshe, erlikia huweza kuvimbisha viungo na kumfanya mbwa achechemee hata pasipo kano iliyokatika. Kwa hiyo usikubali tarehe ya upasuaji kabla ya kipimo cha damu kinachohesabu chembe zote na kuangalia figo na ini, na anza dawa ya kupe leo, kwake na kwenye banda lake.

Kuhusu sindano ya yule kijana, mtafute akutajie jina la dawa. Mbwa anayechangamka kwa siku tatu kisha akarudi alikokuwa mara nyingi amechomwa steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe, nayo ikichanganywa na dawa za maumivu atakazopewa hospitali huweza kutoboa tumbo. Daktari akijua, ataacha siku za kutosha kati ya dawa hizo mbili. Kwa sababu hiyohiyo, usimpe diklofenaki wala ibuprofeni ya duka la dawa, hata kipande. Zinazomtuliza binadamu humchimba mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo.

Jambo ambalo karibu kila mwenye mbwa wa ulinzi hulisahau ni kwamba mbwa wake hajawahi kufungwa mkanda. Ameshinda bandani mchana na kufunguliwa usiku tangu utotoni, na hajui kukojoa huku mtu ameshika kamba. Ukimfundisha akiwa na kidonda, atavuta, ataruka, na mwenye kuumia ni goti. Tumia siku zilizobaki kabla ya upasuaji kumtembeza polepole kwa mkanda uani, kumzoesha kuvaa ile kola pana ya plastiki, na kumlaza ndani ya chumba kidogo atakachokaa baadaye, mita mbili kwa mbili au pungufu. Punguza na ugali. Ukimpapasa ubavu usipozihisi mbavu, amenenepa, na kila kilo atakayoipoteza ni mzigo uliolipunguzia goti. Mwogeshe siku moja au mbili kabla, kwa kuwa hataoga tena mpaka nyuzi za kidonda zitolewe, na akiwa na upele au kidonda karibu na goti mwambie daktari, naye ataahirisha. Usiku wa kuamkia upasuaji apate chakula cha mwisho saa mbili, kisha asile kitu. Maji anaweza kunywa mpaka mnapoondoka.

Atarudi amenyolewa kuanzia kiuno, ana wenge, na analalamika usiku wa kwanza. Mlio huo mara nyingi ni dawa ya usingizi inayomtoka, si maumivu tu. Siku mbili tatu zinazofuata uvimbe na weusi hushuka mpaka kwenye kifundo. Watu hushtuka, lakini ni maji yanayofuata mteremko tu. Barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku, husaidia katika siku hizo za mwanzo. Akienda haja, pitisha khanga iliyokunjwa chini ya tumbo na umsaidie kubeba kiuno, hasa akikanyaga vigae, ambavyo kwa mbwa wa miguu mitatu ni sawa na sabuni. Tandika mikeka au mazulia ya mpira kila anapopita. Asilambe kidonda hata mara moja, na kwa joto letu mlaze ndani ya nyavu, kwa sababu nzi wakitaga kwenye kidonda utaokota funza siku mbili baadaye. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14.

Wiki mbili hizo anatoka kwa mkanda kwenda haja tu, dakika 5, alfajiri kabla jua halijakolea na jioni, na mara mbili kivulini katikati ya siku. Kufikia mwisho wake anapaswa kugusa ardhi kwa mguu huo kila hatua, hata kama anachechemea. Baada ya hapo unaongeza dakika 5 kila wiki, mwendo wa polepole, kwa kuwa mbwa akitembea haraka hujifunza kurukaruka kwa miguu mitatu. Hakuna kuruka kitandani, hakuna ngazi, hakuna mbwa mwenzake wa kuchezea. Mfupa huchukua wiki 8 hadi 12 kuunga, na mbio za kawaida zisubiri kama miezi minne.

Ugumu wenyewe uko wiki ya tatu mpaka ya sita. Mbwa hasikii tena maumivu, kidonda kimefunga, manyoya yanaota, naye haelewi kwa nini bado amefungiwa. Mwenye mbwa humwonea huruma, dada wa kazi anaacha mlango wazi, na mfupa ambao bado haujaunga huachiwa kilo 46 zinazokimbilia geti. Ukichoka na masharti haya, ujue umefika wiki hizo.

Kuhusu ulinzi: daktari amemkataza mbwa mbio, hajamkataza kubweka. Chagua chumba cha nyuma, stoo kwa mfano, ambako anasikia geti lakini halioni. Atabweka akiwa amesimama, na mwizi hana namna ya kujua kwamba mlinzi yuko likizo. Waarifu jirani na wale wa ulinzi shirikishi wa mtaa, na usiweke mbwa mwingine mpya uani katika miezi hiyo.

Mpigie daktari siku hiyohiyo ukiona usaha, kidonda kimeachana, kinyesi cheusi, kutapika, au mguu uliokuwa unakanyaga umeinuliwa ghafla.

SWALI: Mbwa wangu mdogo wa kilo 7 huku Kigamboni ameambiwa ana tatizo hilohilo la kano. Fedha za upasuaji sina kwa sasa. Nimehukumiwa kumwacha kilema? Na je, nimwogeleshe baharini, kama wanavyosema watu, ili misuli irudi?

JIBU: Hujahukumiwa. Mbwa wenye chini ya kilo 15 wengi hurudi kutembea vizuri kwa mapumziko ya wiki 6 hadi 8, mkanda, kupunguza uzito, na dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari, ingawa goti lake litabaki na yabisi kiasi. Muombe daktari aangalie vilevile kama pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti, inateleza pembeni, kwa sababu mbwa wadogo huwa na hitilafu hiyo mara nyingi na tiba yake ni nyingine.

Bahari isubiri wiki hizo zipite. Mchanga laini wa juu ufukweni humlazimisha mbwa kuchimba na kujipinda, na wimbi humrusha. Wakati ukifika, mpeleke maji yakiwa yamekupwa, atembee kwenye mchanga mgumu uliolowa, kisha kwenye maji ya kufika tumboni yasiyo na wimbi, dakika chache, akiwa na mkanda.

SWALI: Wa kwangu, Tabata, alipasuliwa kwa bamba na skrubu wiki 5 zilizopita. Alikuwa anatembea vizuri kabisa. Jumapili mgeni aliacha geti wazi, akakimbia mtaa mzima, na tangu jana anainua mguu. Nimpe dawa za maumivu zilizobaki nione?

JIBU: Hapana. Dawa zitamfanya aukanyage mguu ambao huenda skrubu zake zimelegea au gegedu yake imechanika, nawe utapoteza siku ukidhani amepona. Mfungie sasa hivi, mbebe mpaka kwenye gari bila kumwacha aruke, na apigwe eksirei leo kwa daktari aliyempasua. Kama bamba na mfupa viko sawa, pengine amejitegua tu na mtarudi kwenye ratiba ya wiki ya pili. Kama havipo sawa, kurekebisha siku ya tatu ni rahisi kuliko wiki ya tatu.